Jina la Mama Optatus

Mimi Loveness sina subira, na mama yangu kule Masasi humwambia hivyo kila mgeni. Kwa hiyo asubuhi ile Kitangari, nilipowaona akina mama wamejipanga na ndoo mpaka nje ya ofisi ya kijiji, nilitaka tumalize upesi. Daftari la zamu za maji lilikuwa limeliwa na mchwa. Kamati ya maji ikaniita niwatengenezee orodha ya kompyuta, na mwenyekiti wake, Mzee Swalehe, alishatangaza: asiyekuwemo hadi adhuhuri hana zamu mwezi huu.

Jedwali lenyewe la kutafutia majina sikulitengeneza mimi. Nimelichukua tayari, limeundwa na watu wa mbali ambao Kitangari hawataijua maisha yao yote. Kazi yangu ni kulipanga lifuate mambo yetu. Kompyuta yangu ndiyo seva, inazigawia kurasa simu zote za mle chumbani, bila bando hata la shilingi mia.

"Bila bando?" Mzee Swalehe aliinua simu juu kwa mazoea, akitafuta mtandao. Ukurasa ukafunguka. "Haki ya Mungu! Sasa hii inatoka wapi?"

"Hapo mezani, mzee."

Akainama kuchungulia chini ya meza.

Tukaanza, na hapohapo nikaumbuka. Nilikuwa nimepakia sajili ya kaya, na kisanduku cha kutafutia nimekipanga kitafute majina ya kitambulisho.

"Mwandike na jirani yangu, Mama Fakihi, yuko shamba," mama mmoja akasema.

Nikaandika. Hakuna. "Jina lake la kitambulisho?"

"We mtoto! Miaka ishirini naazima chumvi kwake, kitambulisho chake nikione wapi?"

Walicheka mpaka nikasikia aibu. Mjini nimekaa miaka mitatu tu, tayari nimesahau kwamba kwetu mtu mzima haitwi jina lake. Nikafungua faili la mipangilio, nikaongeza safu: kila mzazi aitwe kwa mtoto wake mkubwa, na jina la mtoto huyo lichukuliwe kwenye sajili. Nikahifadhi.

Hakuna aliyegusa simu. Zote zikajibadilisha zenyewe, kwa pamoja: Mama Esha, Mama Fakihi, Baba Rukaiya. Chumba kizima kikasema "Weee!" Nami ninayefanya kazi hii kila siku, mwili ulinisisimka.

Ilipokaribia adhuhuri alibaki mama mmoja wa kuandikwa, mwembamba, ndoo yake ya njano miguuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mama Optatus."

Hakuna. Nikatafuta tena. Hakuna.

"Optatus alifariki," Mzee Swalehe akaninong'oneza. "Alikuwa na miaka minne, wa pekee. Mwandike Sabina tu, tufunge."

Mama yule alisikia, akamgeukia mzee. "Baba Rukaiya, wewe umewahi kuniita Sabina?"

Mzee akatikisa kichwa.

"Basi kama ni Sabina, nifuteni. Nitachota bondeni."

Bondeni ni mwendo wa saa mbili kwenda na kurudi, na alikuwa ameshaishika ndoo. Nilijichukia, jamani. Kizuizi kile nilikiweka mimi, kwa mstari mmoja tu, kwamba jina la mtoto lazima liwemo kwenye sajili. Na sajili ni ya walio hai.

"Mama, ngoja. Nakuomba ngoja."

Nikaufuta mstari. Nikaandika, nikahifadhi. Simu ya Mzee Swalehe ikajibadilisha mkononi mwake, na za wengine, na akina mama wakaanza kulisoma jina kwa sauti, mmoja baada ya mwingine: Mama Optatus. Mama Optatus. Mzee akavua kofia.

Yeye akasogea, akagusa kioo kwa kidole.

"Ukizima, anapotea?"

"Hapotei, mama."

"Zima nione."

Nikaizima seva. Tukafungua ukurasa upya, mtupu.

"Washa."

Nikaiwasha. Jina likarudi, palepale lilipokuwa. Akashusha pumzi, machozi yakimtoka, naye anacheka.

"Amerudi," alisema. "Hebu tena."

Adhuhuri ilishapita, foleni imeondoka, na basi langu la Masasi lilikuwa linapiga honi barabarani. Nikazima, nikawasha. Nikazima, nikawasha, mpaka yeye mwenyewe aliposema inatosha.