Nyuma ya Pazia la Magauni

Dada mtu alijiandaa kwa maonyesho yale ya harusi kama mtu anayekwenda vitani, na si bure nyumbani walimwita Kamanda. Alipokuwa anaolewa yeye, alikwenda kwenye maonyesho ya harusi akiwa na njaa, amevaa viatu vya kisigino kirefu, akarudi anachechemea na mfuko mzima wa vipeperushi, pamoja na bendi aliyoikubali kwa sababu tu mpiga tarumbeta alimchekea. Kwa harusi ya mdogo wake hakutaka mchezo. Alimwambia ale ashibe kabla ya kutoka. Avae raba. Avae blauzi ya vifungo isiyo na mikono, ili akijaribu gauni asihangaike kuvulia kichwani na kuvuruga nywele. Mzunguko wa kwanza uwe wa macho tu, maswali yangoje wa pili. Mpiga picha asikubaliwe kuonyesha picha moja moja nzuri za harusi mbalimbali; aonyeshe harusi moja nzima, tangu bibi harusi anaamka mpaka viti vinakunjwa, maana hapo ndipo utajua kama mtu anaijua kazi au anabahatisha. Kila mmoja aulizwe kama siku yenyewe atakuja mwenyewe au atatuma mtu. Na juu ya yote, asitie sahihi popote siku hiyo, hata akiambiwa kwamba ofa inakufa jua likizama.

Mdogo wake alisikiliza yote, akacheka, na Jumamosi akaja amevaa blauzi ya mikono mirefu.

"Ndani kuna kiyoyozi, Dada," alisema kabla hajaulizwa.

Huyu walimbandika jina la Chiriku tangu utotoni kwa kuwa alikuwa hanyamazi. Alifanya kazi kwenye duka la dawa, na ilisemekana kwamba wateja walipona nusu ya ugonjwa kwa maneno yake kabla hawajameza kidonge. Lakini tangu achumbiwe alikuwa amepungua. Mama alisema ni utu uzima unaingia. Kamanda alimtania kwamba mchumba amemfungia spidi gavana, na wote wakacheka, Chiriku mwenyewe akiwa wa mwisho kucheka na wa kwanza kuacha.

Mchumba huyo walimwita Mhandisi, kwa kazi yake ya kusimamia ujenzi wa maghala. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na kola iliyonyooka, anayewapisha wakubwa mlangoni na kumpokea Mama kikapu bila kuombwa. Baba alimpenda kuliko mkwe wake mwingine, ambaye ni mume wa Kamanda, na wala hakuficha. Siku ile Mhandisi alikuwa ameaga kwamba yuko kwenye mradi, mbali, hataweza kuja.

Ukumbi ulikuwa umejaa tangu asubuhi. Zulia jekundu lilitandikwa mlangoni, limeshaanza kukunjamana kwa vishindo vya watu. Manukato ya kila aina yaligombana hewani na harufu ya siagi na vanila kutoka kwenye meza za keki. Sanamu zisizo na vichwa zilivalishwa mashela. Mshereheshaji fulani alikuwa akijaribu kipaza sauti chake bila kuchoka, na kila kona kulikuwa na mtu anayetabasamu na kipeperushi mkononi. Kamanda aliwapita wote kwa shingo iliyonyooka, akimvuta mdogo wake, akinong'ona nani arudiwe na nani aachwe na ulimwengu wake.

Ila mzunguko haukwenda kama alivyoupanga, kwa sababu ya simu. Kila waliposimama, simu ya Chiriku ilitetemeka. Alipopenda maua ya rangi ya machungwa, alipiga picha, akaituma, akasubiri. Jibu likaja, naye akarudisha maua mezani akasema labda meupe yatapendeza zaidi. Alipolishika gauni lenye mabega wazi, uso wake ukachangamka kama zamani. Alituma picha. Akalisoma jibu, akalirudisha gauni kwenye henga taratibu, akilinyoosha kana kwamba amelikosea.

"Anasema lenye mikono," alieleza. "Anapenda mambo yapangike, unamjua."

Kamanda alisema kwamba gauni halitavaliwa na Mhandisi. Alisema kwa utani, lakini hakuna aliyecheka. Muda si mrefu simu ikatetemeka tena, na safari hii Chiriku hakuwa ametuma chochote. Aliisoma, akageuka kuangalia nyuma yake, kwenye umati.

"Nini?" Kamanda aliuliza.

"Ananiuliza kwa nini tumesimama sana kwa mwenye magauni."

Kamanda naye akatazama huku na huku. Aliona mabibi harusi watarajiwa, mama zao, na vijana wa kiume waliochoka wakiwa wamebeba mifuko. Hakumwona mtu anayemjua. Alijiambia kwamba huenda Chiriku ndiye aliyemwandikia akasahau. Hata hivyo aliendelea kugeuka nyuma kila hatua.

Kwa mpambaji walikaa, kwa sababu alikuwa akipamba bure upande mmoja wa uso ili mtu aone tofauti. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkononi ana saa kubwa ya kiume, na alifanya kazi huku akizungumza. Kamanda alimwuliza maswali yake yote na majibu yakampendeza. Siku yenyewe huja mwenyewe, alisema mpambaji, na hufika alfajiri, kabla hata ya mama wa bibi harusi. Alimkalisha Chiriku kwenye kiti kirefu mbele ya kioo chenye taa, akamfungua vifungo viwili vya juu ili amwekee taulo mabegani. Alipoikunja kola nyuma, aliona kitu juu ya mkono, karibu na bega. Alilaza taulo juu yake, akachagua brashi, akaanza.

Alikuwa amefika kwenye nyusi pale mwanamume mmoja alipotokea kwenye kioo, nyuma yao, akaweka mkono begani kwa Chiriku.

"Nilitaka kukushangaza," Mhandisi alisema.

Alimsalimia Kamanda kwa heshima, akamwita shemeji, akasema kazi imeisha mapema kuliko alivyotarajia. Viatu vyake havikuwa na vumbi. Kamanda aliviona, akaelewa kwamba mradi haukuwapo, na kwamba mtu huyu alikuwa ndani ya ukumbi muda wote.

Mkono wa mpambaji ulikuwa umesimama hewani. Mhandisi alimtupia jicho kama mtu anavyotazama kiti, kisha akamwambia kwa upole, "Usimzidishie, mama. Anapendeza akiwa wa kawaida." Akauchukua mkoba wa Chiriku pale mezani, simu ikiwa ndani, akautia kwapani. "Acha nikushikie."

Mpambaji alishusha brashi. Kwa sauti ile ile ya biashara alisema kwamba rangi hii lazima ionekane pamoja na shela, asije bibi harusi akalaumu baadaye, na kwamba mashela yako nyuma ya pazia kwa mwenye magauni. Huko wanaume hawaingii, kaka aniwie radhi. Mhandisi alitabasamu.

"Nipo hapa hapa," alisema.

Nyuma ya pazia palikuwa na kioo kirefu, stuli, na magauni yaliyoning'inizwa ndani ya plastiki. Mpambaji alivuta pazia mpaka mwisho, akasubiri kidogo, akasikiliza. Halafu alizungumza haraka na kwa sauti ndogo.

"Yule kaka mimi nilishampambia bibi harusi wake. Mji mwingine, kabla sijahamia huku."

Kamanda alisema haiwezekani, Mhandisi hajawahi kuoa. Mpambaji hakubishana. Alisema tu kwamba aliitwa alfajiri, akamkuta binti ana alama hapa, na hapa, akagusa bega lake mwenyewe na mfupa wa chini ya shingo. Bwana harusi alisimama mlangoni muda wote wa kupambwa, akasema binti ameanguka kwenye ngazi, na akasema asimzidishie. Baada ya harusi yule binti alimjia saluni peke yake, jicho limevimba, akaomba lifichwe ili aende kumzika baba yake. Baada ya hapo hakuja tena.

"Yuko wapi sasa?" aliuliza Kamanda.

"Sijui, mwanangu."

Wote wawili walimgeukia Chiriku. Alikuwa amekaa kwenye stuli, nusu ya uso imepambwa, nusu haijaguswa, na hakuonekana kama mtu aliyeambiwa jambo jipya. Polepole alifungua kifungo cha tatu, akateremsha blauzi begani. Alama za vidole zilikuwa nne, zimeanza kugeuka manjano pembeni.

"Ni mara moja tu," alisema. "Nilichelewa kupokea simu. Alilia sana baadaye, Dada. Alilia kuliko mimi."

Kamanda, aliyekuwa na sheria ya kila kitu, mpaka ya viatu, alipiga magoti sakafuni akamfunga mdogo wake vifungo kimoja kimoja, kama alivyokuwa akimfunga sare ya shule. Kisha akamwuliza jambo moja: anataka kutoka kwa mlango gani?

Chiriku alitazama pazia. Chini yake, kwenye upenyo, viatu viwili safi vya kiume vilikuwa vimesogea. Havikuwa kwenye meza ya mpambaji tena. Vilikuwa hapo hapo, vimeelekea kwao.

"Ana simu yangu," alinong'ona.

"Simu si mkono wako," alisema Kamanda.

Mwenye magauni, aliyekuwa akipanga mashela pembeni, alikuwa amesikia. Bila kuuliza, alisukuma rafu moja pembeni, na nyuma yake kukaonekana mlango wa chuma wa kupitishia mizigo. Mpambaji alibaki, akaanza kusema kwa sauti kubwa kwamba shela hili limembana kichwa, lete lile lingine, hapana, lile refu. Alikuwa anazungumza na stuli tupu. Madada wawili walitoka juani, wakapita kati ya malori na makreti ya soda, wakaingia kwenye gari la Kamanda. Kila gari lililowakaribia kwa nyuma, Chiriku alijikunja.

Nyumbani, Mama alimwona ameingia na uso wa nusu, akauliza kama maonyesho yamekwisha. Kabla hajajibiwa, simu ya Baba iliita. Mhandisi alimweleza kwa utaratibu kwamba mchumba wake ameondoka ghafla, ameacha mkoba, ana wasiwasi naye, angependa kuuleta. Baba alimwambia karibu, mwanangu. Kamanda alipofungua mdomo kueleza, Baba alimwambia kwamba jambo la watu wawili lisikilizwe kwa watu wawili.

Alasiri ile Mhandisi aliketi sebuleni, mkoba magotini, akakubali maji na kushukuru. Alisema Chiriku amechoka na maandalizi. Alisema kuna watu wa biashara za harusi ambao hupandikiza maneno ili wavuruge. Aliongea vizuri, na Kamanda aliona jinsi kichwa cha Baba kilivyokuwa kikiitikia, na jinsi Mama alivyoanza kupumua kwa nafuu. Kama mambo yangeachwa yaende hivyo, harusi ingerudi mahali pake kabla ya jioni.

Chiriku alisimama. Aliteremsha blauzi begani akamgeukia baba yake.

Mhandisi ndiye aliyezungumza wa kwanza, bila haraka, bila hata kubadili sauti.

"Mweleze Baba ulivyoanguka kwenye ngazi," alisema.

Mama aliufunika mdomo, kwa kuwa Kamanda alikuwa amekwisha kumwambia yote kule jikoni. Baba hakuwa ameambiwa kitu. Hakujua habari ya ngazi wala ya yule binti mwingine. Alikuwa anatazama alama nne tu, na moja ya dole gumba kwa nyuma. Alipozungumza hakupaza sauti.

"Kijana, weka mkoba mezani, uende."

Mhandisi aliuweka. Aliunyoosha mkanda wa mkoba, akaulaza sawasawa, akamuaga Mama kama siku zote. Mlangoni aligeuka, akamtazama Chiriku tu.

"Utanipigia," alisema. Haikuwa swali.

Harusi ilivunjwa. Watu walisema waliyosema. Wengine walisema Kamanda ana wivu. Simu za namba ngeni ziliendelea kuingia, na aliyepiga hakuzungumza. Kisha gari la Mhandisi likaanza kuonekana ng'ambo ya duka la dawa, kioo kimeteremshwa kidogo, naye akiwa ndani ametulia kama mtu anayesubiri zamu yake. Polisi walisema kuegesha gari si kosa. Mwishoni Chiriku aliomba uhamisho, akaenda kuishi kwa mama mdogo katika mji ambao hakuna aliyeruhusiwa kuutaja kwenye simu.

Chiriku akiwa huko, mpambaji alimfikishia namba kupitia Kamanda. Alikuwa ameulizia kwa watu wake wa zamani, mtu kwa mtu, mpaka akafika kwa binamu wa yule bibi harusi. Chiriku alikaa nayo muda mrefu kabla ya kupiga. Iliita, ikapokelewa, na upande wa pili hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa pumzi.

Alijitambulisha. Alisema alikuwa mchumba wa fulani.

"Umetoka?" sauti ya kike iliuliza.

"Nimetoka."

"Alikuambia utampigia?"

"Ndiyo."

Pumzi ikasikika tena. "Hata mimi aliniambia. Sikiliza, mdogo wangu. Usiniambie unakaa wapi, na mimi usiniulize. Umefunga mlango?"

Chiriku alisema amefunga.

"Nenda kauangalie," alisema yule mwanamke. "Nakusubiri."

Akaenda kuuangalia. Ulikuwa umefungwa. Aliporudi kwenye simu yule mwanamke alikuwa bado yupo, na wakazungumza mpaka chai ya mama mdogo ikapoa mezani.