Bodi ya Alumini na Nyumba ya Chaki

Nyumba yenyewe ilikuwa bado chaki tu. Mzee Gia aliichora kwenye sakafu ya sebule baada ya kusukuma makochi ukutani, na tangu hapo hakuna aliyeikanyaga ovyo. Asubuhi utamkuta ameketi ndani yake kwenye kistuli, kikombe mkononi, macho yapo mbali huko, anasafiri. Akitaka kutoka anapitia mlangoni. Mlango wa chaki, jamani! Na anageuka ubavu ili asigonge bega. Mkewe, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, siku ya kwanza alicheka mpaka machozi. Siku ya pili akajikuta naye anazunguka ukuta ambao haupo.

Nyumba hiyo ingebebwa na pikapu. Mzee alikuwa amestaafu baada ya maisha mazima ya kuendesha malori, na pikapu yake alishaivua bodi ya zamani ya kubebea mizigo, iliyoliwa na kutu. Sasa imebaki kichwa na chesisi, inasubiri sakafu mpya, bapa, isiyo na kuta, ya kuwekea kijumba cha mbao. Kitanda, jiko, dirisha, basi. Waende wanakotaka, walale watakapochoka.

Au aende peke yake. Hapo ndipo roho ya Mama Pindo ilipokwama, maana hakuwahi kuambiwa "twende", na kile kitanda cha chaki kilikuwa cha mtu mmoja. Mshonaji humdanganyi kwa vipimo. Upana ule ni wa mabega ya mtu mmoja, na pembeni, chini ya dirisha, palikuwa na kamraba ambako bila shaka lingekaa sanduku la spana. Spana zina nafasi, yeye hana.

Halafu huo wimbo wake wa wepesi! "Kila kitu kiwe chepesi, mama. Chepesi!" Masufuria mazito akayakataa. Meza ya mbao ngumu akaikataa. Mama Pindo, na mwili wake ulioshiba, akaanza kujitazama kwenye kioo cha wateja na kujiuliza kama naye yumo kwenye mizigo ya kuachwa. Iliuma. Lakini angeanzaje? Mtu mzima aombe kupelekwa matembezi kama mtoto? Akameza, akaendelea kushona.

Siku ya kuchagua bodi alivaa viatu vyake vizuri, akapanda mbele bila kualikwa.

Gereji ilikuwa na harufu ya chuma kilichoungua. Fundi Cheche, mchomeleaji, alisukuma miwani yake myeusi juu ya paji la uso. "Mzee, nikupe ushauri wa bure. Chukua chuma. Ukikigonga kinakugonga."

"Chuma kitanimalizia uzito wa kubeba kabla sijapakia hata kijiko," alisema Mzee Gia. "Nataka alumini."

"Haya, gari ni lako."

Bodi za alumini zilikuwa mbili, zimelazwa juani juu ya magogo. Moja ilikuwa nyembamba, sawa na kichwa cha gari. Nyingine ilikuwa pana, imetoka kidogo kila upande, inang'aa kama kioo. Mawingu yalikuwa yanapita ndani yake polepole, na Mama Pindo akainama kuyatazama. Akaona pazia dogo la maua, ameshalipiga pindo, linapepea dirishani. Akaona barabara inarudi nyuma, miti inarudi nyuma, chai inachemka mahali ambapo hakuna anayejua jina lake. Alitaka kwenda.

"Hii nyembamba," Mzee Gia akasema. "Ndiyo nyepesi."

"Kwani mnasafiri wangapi?" Fundi Cheche akauliza.

Mzee akajikuna kisogo, akatazama matairi. Uvumilivu wa Mama Pindo ukakatika pale pale.

"Mjibu fundi! Kile kitanda umempimia nani?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Nilikupima umelala. Kwa futi yako ya kupimia wateja. Ukajigeuza, nikaanza upya."

Fundi Cheche ghafla akakumbuka kutafuta nyundo upande wa pili.

"Na wewe utalala wapi?"

"Mbele, kwenye viti. Mimi mtu wa malori, nimezoea. Si kila asubuhi unalalamika nakoroma kama mashine ya kusaga? Nikasema angalau huko upate usingizi."

"Na huo wepesi wako?"

"Cherehani yako ni chuma kitupu, mke wangu. Na bila hiyo hutoki mlangoni, nakujua. Uzito tunaouokoa kwenye bodi ndio wa kuibebea. Nimeichorea pale chini ya dirisha."

Kamraba! Mama Pindo alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kumzaba kofi. "Sasa mbona hukusema, wewe mwanaume?"

"Niliogopa utakataa," akasema Mzee Gia. "Nikichora, hakuna anayenikatalia."

Mama Pindo akavua viatu vyake vizuri, akapanda juu ya ile bodi pana. Alumini ilikuwa imepata joto la jua. Akatoa mkobani chaki yake ya kuchorea vitambaa, akapiga magoti, akachora kitanda. Kipana. Akachora cherehani, akachora dirisha.

"Hiyo inaongeza uzito, mama," Fundi Cheche akasema kutoka mbali.

"Apunguze spana."

"Na kukoroma?" Mzee Gia aliuliza kwa sauti ndogo.

Mama Pindo hakumtazama. "Miaka yote uliyokuwa barabarani nyumba ilikuwa kimya. Unadhani nilikuwa nalala?"

Akachora mlango, mwisho kabisa, akasogea upande wake wa kitanda. Mzee Gia akavua viatu, akapanda, akageuka ubavu ili asigonge bega, akaingia ndani.