Madoa ya Bundi Yabaki

Siku kumi na tisa Kinyonga alikaa juu ya magunia ya mahindi akimzoesha bundi. Jina la Kinyonga alipewa na mjomba wake, mwenye studio ya picha alikofanya kazi, kwa sababu hakuwahi kumwona akiharakisha hata mvua ikimkuta njiani. Kila mchana, wateja wakipungua, alivuka barabara hadi ghala la mashine ya kusaga, akakaa, akatulia tuli. Siku ya kwanza alikaa hatua kumi kutoka kwenye tundu la hewa alikolala yule ndege. Siku ya pili, tisa na nusu. Siku ya kumi na tisa alikuwa karibu kiasi cha kuona vumbi la unga kwenye kope zake. Bundi akafumbua jicho moja, akamtazama kama jirani anayemjua, akainamisha kichwa upande. Kamera ikalia mara moja tu.

Picha ilikuwa na mteja tayari. Mwenye mashine, ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Unga, alitaka bundi mweupe kwenye mifuko yake mipya, maana ndiye aliyemmalizia panya ghalani. Mjomba alishamwahidi kazi itakuwa tayari Ijumaa.

Alhamisi Kinyonga alitumwa kupeleka picha za vitambulisho shuleni. Aliporudi alimkuta mjomba kwenye kompyuta, kwenye kiti chake yeye Kinyonga, anatabasamu peke yake. Akamwita aje aone kazi ya wakongwe.

Miaka ishirini na miwili mjomba alikuwa amesafisha nyuso za pasipoti, na mkono wake haukujua njia nyingine. Bundi alikuwa amenyooshwa shingo. Mabega yamelinganishwa. Kila jicho limewekwa nukta nyeupe, ile ile wanayowekewa maharusi. Ukuta wa ghala umekuwa wa bluu. Na vidoa vyeusi vya kifuani, vidogo kama mbegu za ufuta, vimefutwa kimoja kimoja kama chunusi, kifua kikabaki laini kama mto wa kulalia.

"Masikio tu ndiyo yamenishinda," mjomba akasema. "Nimeyatafuta kote. Na picha ya pasipoti isiyoonyesha masikio inarudishwa."

Kinyonga alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka.

"Rudisha madoa, Mjomba."

Mjomba akamweleza kwa upole kwamba Bwana Unga mwenyewe alipita, akaiona picha kabla haijasafishwa, akasema vile vidoa kwenye mfuko vitafanana na fukusi, na nani atanunua unga wenye wadudu? Kinyonga akajibu kwamba ndege ndivyo alivyo, na kama ni kusafisha, mzee aanze na ghala lake. Mjomba akamkumbusha kamera ni ya nani. Kinyonga akakubali kamera si yake, ila mgongo uliouma siku kumi na tisa haukuwa wa kamera.

Akachukua kadi ya kamera, yenye picha ambayo haijaguswa, akaichapa kwenye karatasi kubwa. Akaibeba hadi nje, kwenye kioo cha mbele cha studio, palipojaa picha za maharusi wasio na hata kovu.

"Ukiibandika hiyo, kiti cha kompyuta usikikalie tena," mjomba akasema.

Akaibandika. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi la wateja, mikono mapajani, kama anayesubiri zamu.

Ijumaa asubuhi alikaa pale pale. Bwana Unga alisimama nje ya kioo kwa muda, ndipo akaingia. Mjomba akamgeuzia kompyuta. Mzee akauliza huyu ni nani. Akaambiwa ni bundi wake.

"Bundi wangu hukaa kichwa upande, kama anasikiliza umbea," akasema. "Huyu anaomba pasipoti." Akaamua achukue yule wa nje, wafute vidoa tu, mengine yabaki.

"Hata kimoja hakifutwi, mzee," Kinyonga akasema kutoka kwenye benchi.

"Watu watasema fukusi, binti yangu."

"Wakisema, walete ghalani. Nitawaonyesha pa kukaa."

Bwana Unga akamtazama mjomba, mjomba akatazama sakafu. Mzee akasema studio ziko nyingi, akatoka.

Mjomba naye akatoka. Kupitia mlango ulioachwa wazi Kinyonga alimwona akinyoosha mkono kuibandua picha, kidole kikafika kifuani kwa ndege, kikaanza kutembea, taratibu, midomo ikihesabu. Alirudi mikono mitupu, akakaa kwenye kompyuta.

"Viko thelathini na saba," akasema. "Mimi nilifuta thelathini na sita."

"Kimoja kilikuponyoka, chini ya bawa. Nilikiona jana."

"Ukanyamaza?"

"Nilikiacha kijiponye."

Mjomba akainuka kwenye kiti na mto wake wa kukalia. "Kaa basi. Ila kazi ya mifuko hatuna tena."

"Hatuna," Kinyonga akasema, akakaa.