Bibi Harusi Amegoma Kula

Shule ya kupanda farasi ilikuwa imebaki na farasi mmoja na mwanamke mmoja. Kiwanja kimeuzwa, na farasi wengine wote walikwishapandishwa malori kwenda shamba la mbali. Bibi Harusi, farasi jike mweupe aliyetembea kwa madaha kama anayejua kuwa anatazamwa, aliachwa kwa sababu ya jipu kwenye kwato. Jipu lilipona. Ila tangu wenzake waondoke alidonoadonoa tu, na sasa ilikuwa siku ya tatu hajatia jani mdomoni.

Mwanamke ni Shangazi, mtunza farasi. Hakuwa shangazi wa mtu. Ni watoto waliokuja kujifunza kuruka viunzi waliombandika jina hilo, naye akalivaa. Hana mume, hana mtoto, na chumba chake kimegusana ukuta na banda. Hakuwahi kulalamika, maana Jumamosi pale palikuwa kama kwenye harusi.

"Shangazi, kweli analala amesimama?"

"Anafunga magoti kama kitasa, analala. Ila akitaka kuota ndoto, lazima alale chini kama wewe."

"Viatu vya chuma haviumi?"

"Wewe ukikatwa kucha unalia?"

Maswali yaleyale kila wiki, naye alijibu kama ndiyo kwanza anaulizwa, akitia chumvi na umbea juu: farasi gani anamwonea gere nani, nani kamnunia nani. Sasa Jumamosi zilipita kimya. Juzi alijikuta analijibu bomba la maji lililokuwa linalialia.

Bosi, mwenye shule, alikuja, hata garini hakushuka.

"Shangazi, daktari kasema hasafirishwi na tumbo tupu, litamsokota njiani. Na hapa Ijumaa wanabomoa."

"Sasa?"

"Asipokula, daktari atakuja na sindano."

"Ya kumpa hamu ya kula?"

Bosi akatazama usukani. "Unajua ni ipi."

Shangazi mwenyewe hakuwa na nafasi kwenye lori lolote. Shamba lina watu wake. Hilo lilikwishasemwa, kwa upole, na halikurudiwa.

Alimpikia Bibi Harusi uji wa pumba, akamkatia karoti. Wapi! Ndipo akang'oa kioo cha kabati lake akakining'iniza bandani, amwone mwenzake. Farasi akasimamisha masikio. Akaita. Akangoja ajibiwe. Kisha akakisukuma kioo kwa pua, akachungulia nyuma yake, akakuta ukuta. Aligeukia pembeni na hakugeuka tena. Shangazi alikiondoa kioo kwa aibu, kama mtu aliyemdanganya mgonjwa.

Akaanza kubembeleza. Ndoo chini ya pua, macho kwa macho. "Kula basi, mama. Nifanyie mimi." Kadiri alivyosogea, Bibi Harusi alirudi nyuma, mpaka makalio yakagusa ukuta.

"Haya. Shauri yako," akasema. Akamwachia ndoo, akaketi mlangoni na mkate wake na chai iliyopoa, akampa mgongo. Akautazama uwanja mtupu. Machozi yakamtoka, naye akayaacha, kwani nani atamwona?

Nyuma yake kukasikika kutafuna.

Akageuka. Kichwa kikainuka, kutafuna kukakoma. Akarudisha uso nje. Punde kukaanza tena, krauu, krauu.

Hapo ndipo alipotaka kujipiga kofi. Ni mara ngapi watoto walimuuliza mnyama mkubwa hivi anaogopa nini? "Anaogopa kuliwa," alikuwa akiwajibu. "Ndiyo maana hula kwa zamu. Hawa wakiinamisha vichwa, yule analinda." Bibi Harusi alikuwa hana wa kumlinda. Na yeye badala ya kulinda, siku zote alikuwa amemkodolea macho kama chui!

Akakaa palepale, macho nje, mpaka ndoo ikakwanguliwa.

Jioni Bosi akapiga simu. "Vipi, anakula?"

Akisema hapana, sindano. Akisema ndiyo, lori. Alitafuta jibu la katikati, hakuliona.

"Anakula."

"Nilijua tu! Kesho lori linakuja."

Dereva alikuwa mtu mnene mwenye kicheko cha karibu. Bibi Harusi alipokwishapanda, Shangazi alisimama kwenye mlango wa lori asiondoke.

"Mkisimama njiani, mpe majani. Lakini usimtazame. Mpe mgongo, uangalie barabara."

"Kwa hiyo mimi askari wake?"

"Wewe farasi."

Dereva akacheka mpaka akashika ubavu wa lori. "Nimeitwa mengi, mama, hilo bado."

"Cheka. Lakini utafanya?"

"Nitafanya."

"Niambie utafanyaje."

Akamwambia. Shangazi akamtaka arudie. Dereva akatazama saa, kisha akamtazama yeye usoni, akaenda akaizima injini, akarudi. Akarudia yote tangu mwanzo, taratibu, na Shangazi akasikiliza kila neno, mkono wake shingoni mwa farasi.