Bakteria na Jirani Yake

Waliokuwamo katika chumba kidogo kando ya wodi ni daktari wa upasuaji, muuguzi wa zamu, mama wa mgonjwa, na wifi yake mama huyo, mkuu wa maabara ya hospitali. Mgonjwa mwenyewe, binti wa shule, alilala nyuma ya ukuta, kidonda kikimla mguu.

Daktari alieleza kwa upole kwamba dawa imegonga mwamba. Mguu ukatwe asubuhi hiyo, kabla maambukizi hayajapanda. Mkuu wa maabara hakuamini. Yeye, shangazi mtu, alikuwa amempima bakteria wa kidonda hicho kwa mikono yake, na kwenye sahani ya maabara dawa ile ile ilimfyeka.

Mama alimgeukia. Hata saa ile utani wa mawifi haukumtoka mdomoni.

“Wifi, wewe hata kabatini kwako kikombe hakigusi bilauri. Huko mguuni kwa mwanangu, nani kawapangia hao wadudu kila mmoja akae peke yake?”

Swali lilimchoma. Kwa desturi ya kazi yao, alikuwa amemtenga bakteria mkali akampima peke yake. Mwenziwe aliyetoka naye kidondoni, mpole asiyemdhuru mtu, alimhesabu kuwa uchafu tu, akamweka kando.

Alirudi maabara akikaribia kukimbia. Sahani ya kwanza, walimoota wote wawili kabla hajawatenga, ilikuwa bado kwenye friji. Alichota kidogo kwenye doa la yule mpole, akadondoshea tone la kipimo cha rangi ya njano. Tone likageuka jekundu mbele ya macho yake.

Kumbe ndiye. Mpole huyo alikuwa akitoa kimeng’enya, protini inayoikata dawa vipande vipande, na mkali akajibanza nyuma yake, raha mustarehe.

Aliporudi hakujitafutia pa kujificha. Alimwambia wifi yake kwamba kosa ni lake, kisha akamweleza daktari kuwa ipo dawa ya kuongezea, ya kukifunga mikono kimeng’enya hicho. Daktari alikubali kwamba inaweza kufaa. Ila homa ikipanda wakati wa kungoja, huenda wakachelewa kumwokoa. Uamuzi akamwachia mzazi.

Mama aliugusa ukuta wa upande wa binti yake.

“Hakatwi asubuhi hii,” alisema. “Mpeni hiyo dawa. Homa ikianza kupanda tu, daktari, nitatia sahihi mguu ukatwe. Na wewe, wifi, leo huendi popote. Tutakaa naye sote wawili.”