Mlezi wa Winga

Anwar alikuwa na miaka ishirini na saba, mke mmoja, mtoto mmoja na ndevu tatu. Hizo ndevu tatu ndizo zilizomtia wazimu. Siku gari la matangazo lilipopita barabara ya Bagamoyo likinadi kwamba klabu kubwa ya mjini inatafuta wachezaji wapya, mchujo Jumamosi uwanja wa shule, hakusubiri hata gari limalize. Alikimbia mpaka nyumbani Boko, akamkuta mkewe Munira amechutama juu ya turubai, anapanga mitumba ya watoto.

"Wanachukua vijana," alisema akihema. "Wanawaweka kambini, wanawalisha, wakikua wanapandishwa timu kubwa."

"Vijana wa umri gani?"

"Chini ya kumi na saba."

Munira alikunja suruali ya kitoto, akaiweka juu ya nyingine. "Kumi na saba wewe umeiacha zamani, baba. Tena hukuaga."

"Nani atajua? Nitazame uso."

Munira akamtazama. Mume wake alikuwa mfupi, mwembamba, shavu laini kama la bibi harusi. Ukimvua saa ya mkononi na kumvika kaptula, ungeweza kumtuma dukani na chenji ukaidai. Munira alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini usimcheke sana Anwar, maana Munira mwenyewe aliacha kucheka haraka. Kiwanda cha nguo alikokuwa akifanya kazi Anwar kilikuwa kimeuzwa kwa mtu binafsi. Yule tajiri mpya alionyeshwa mashine, akaonyeshwa wafanyakazi, akaonyeshwa hata timu ya mpira, na katika vyote hivyo akapenda mashine. Anwar alikuwa winga wa timu hiyo. Tangu siku ile kazi yake ilikuwa kumbebea mkewe marobota ya mitumba, na jioni kuvipaka rangi viatu vyake vya mpira ambavyo havikuwa na pa kwenda. Walikuwa wamekubaliana kwamba mwaka ukiisha bila timu, viatu hivyo vitashuka ukutani, viwekwe kwenye turubai, viuzwe kama mitumba mingine. Mwaka ulikuwa unakaribia kwisha, na kila Munira alipovitazama vile viatu alimwonea mumewe huruma ambayo hakupenda aione.

Kwa hiyo alikubali. Akamchagulia kwenye robota kaptula ya bluu ya shule, akazinyoa zile ndevu tatu kwa mkono wake mwenyewe.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Vyeti vya kuzaliwa siku hizo vilinunuliwa kwa urahisi kama sukari dukani, na kocha wa klabu hakuvitaka hata kuviona. Alitaka kila kijana aje na mzazi au mlezi wake. Mama yake Anwar, aliyekuwa akiishi Chanika, alipoombwa aje aseme mwanawe ana miaka kumi na sita, aliuliza kama na yeye sasa ahesabiwe kuwa msichana, kisha akawafukuza. Alikubali jambo moja tu, kubaki na mjukuu wake Mwamvita mpaka Jumatatu, kwa sababu Mwamvita alikuwa na miaka mitano na hakuna aliyeweza kumzuia asimwite baba yake baba.

"Basi utakuwa dada yangu," Anwar alimwambia mkewe.

"Dada mkubwa," alisema Munira. "Na njiani utanibebea mkoba."

Kocha aliitwa Talha. Alikuwa mtu wa Madale, mrefu, mpole, filimbi shingoni, na ungemkadiria miaka thelathini, thelathini na moja. Wenye kumfahamu walisema ana pua ya kunusa vijeba, yaani mijitu mizima inayojiingiza kwenye timu za watoto. Anwar alipofika mbele yake ilibidi ainame.

"Shikamoo, kocha."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Munira aligeukia ukuta wa shule akajiziba mdomo kwa mtandio. Mabega yalimtikisika kwa muda.

Vipimo vilianza. Wote waliambiwa wapitishe mkono juu ya kichwa washike sikio la upande wa pili, kama watoto wa kuandikishwa darasa la kwanza. Wakaambiwa wapanue midomo, kocha ahakiki magego ya mwisho. Anwar alipita, kwa kuwa magego yake yaling'olewa zamani kwenye zahanati ya kiwanda. Halafu Talha akakaa nao nyasini, akaanza kusimulia kwa huzuni jinsi watu walivyopanga foleni ya sabuni kwenye maduka ya ushirika enzi zile. Alisimulia vizuri mno. Jamaa mmoja aliyeitwa Fransis, kaptula imembana mapaja, akashindwa kujizuia.

"Wacha bwana!" alisema. "Mie suti ya harusi yangu niliipangia foleni siku mbili."

"Pole sana," alisema Talha. "Chukua begi lako, nenda kamsalimie shemeji."

Kisha mpira ukachezwa, na hapo hapakuwa na cha kumcheka Anwar. Alipewa winga ya kulia. Vijana walimfuata, wakabaki wanatazamana. Alikuwa anapita kama vile amesahau kwamba kuna watu uwanjani, na usoni alikuwa na furaha ambayo Munira hakuiona tangu kiwanda kiuzwe. Munira akasahau yuko wapi. Basi beki mmoja, aliyechoka kufanywa mjinga, alimpanda Anwar na viatu vyote viwili, Anwar akaruka, akaanguka kifudifudi, akatulia.

"Baba Mwamvita!" Munira alipiga kelele, tayari yuko mbio katikati ya uwanja. "Jamani, Baba Mwamvita! Wameniulia!"

Uwanja mzima ukamgeukia. Hakuna mtu Boko, wala Madale, asiyejua ni mwanamke gani anayemwita mwanamume hivyo.

Anwar alifumbua jicho moja akamtazama mkewe kwa hofu, akalifumba tena. Munira alisimama pale na mtandio umeanguka, na akili yake, Mungu aibariki, ikafanya kazi.

"Samahani, kocha," alisema. "Huyu mtoto ana jina la babu yetu, baba yake mama mkubwa Mwamvita. Kwetu tumezoea kumwita kwa heshima ya babu, tangu yuko mgongoni."

Talha aliinamisha kichwa, kama mtu anayeonja mchuzi. "Ndivyo mila zetu," alisema. "Hata mie nina mpwa namwitaga babu. Na wewe, bibie, unaitwa nani?"

"Munira."

"Uko kwa nani, Munira?"

Swali hilo lilikuja kwa sauti laini kupita kiasi. Munira akajibu lililokuwa karibu na ulimi. "Nipo nipo tu, kocha."

"Maashallah," alisema Talha.

Jioni aliwataja waliopita, na Anwar alikuwa wa kwanza. Ila usajili, alisema kocha, atauthibitisha baada ya kupita majumbani kuonana na walezi. Kwa Anwar angefika kesho yake alasiri.

Njia nzima Anwar aliruka kama mbuzi aliyefunguliwa. Munira alibeba mkoba mwenyewe.

"Kocha wako ana macho," alisema.

"Ya kuona vipaji."

"Aliona vingi leo," alisema Munira, na Anwar hakumsikia.

Jumapili walianua nguo za mtoto kambani, wakaficha kandambili ndogo chini ya kitanda. Saa kumi hodi ikapigwa. Munira alichungulia dirishani. Talha hakuja peke yake. Mbele yake walitangulia wazee wawili wenye kanzu na kofia za viua, na Talha mwenyewe alikuwa nyuma yao, amenyoosha shati, ananukia mpaka kwa jirani. Msafara wa namna hiyo hauendi kwa mtu kuulizia mpira.

Walikaribishwa mkekani. Munira alileta chai na kashata, akarudi kukaa nyuma ya pazia la chumbani, mlango wazi. Mzee Hija, mkubwa wa wale wawili, alikohoa kikohozi cha kazi.

"Tumepita hapa tukaona ua," alisema. "Kijana wetu Talha amelipenda. Tungependa kujua mwenye bustani ni nani. Baba yupo?"

"Amefariki," alisema Anwar, na kwa hilo hakusema uongo.

"Mungu amrehemu. Mjomba?"

"Yuko mbali."

"Basi mwanamume wa nyumba hii ni wewe, ingawa u mdogo. Tutakuuliza wewe, na jibu lako tutalichukua mbele ya Mungu na mbele ya hawa mashahidi. Dada yako ana mume, au hana?"

Nyuma ya pazia Munira alikuwa bado anatabasamu, na tabasamu likamkauka usoni. Mjomba wake alikuwa mwalimu wa madrasa, na tangu utoto alimsikia akiwatisha vijana kwamba maneno ya ndoa hayachezewi. Ukimkana mkeo mbele ya mashahidi, alisema, usishangae kukuta huna mke. Kama ndivyo kweli au sivyo, Munira hakujua. Alichojua ni kwamba utani wote aliouruhusu ulikuwa wa kaptula na shikamoo. Hakumruhusu mtu amkane kwa mdomo.

Kupitia upenyo wa pazia alimwona Anwar akitazama ukutani, viatu vyake vya mpira vilipotundikwa. Akavitazama muda mrefu.

"Mzee," alisema Anwar mwishowe, "swali hilo ni lazima?"

"Ndilo lililotutoa Madale."

"Haliwezi kusubiri... mpaka usajili upite?"

Munira alilishika birika. Hasira ilimpanda mpaka macho yakaona ukungu, na chini ya hasira kulikuwa na woga, na woga ndio uliomuudhi zaidi. Alijiona amekaa pale kama robota, anasubiri kujua kama atanunuliwa au ataachwa. Alijiapiza kwamba akisikia neno "hana", birika lile litatoka na chai yake yote, na yeye atatoka nalo.

"Dada yangu," alianza Anwar. "Dada yangu huyu..."

Mzee Hija alimsogezea sikio.

"Sina dada," alisema Anwar. "Mie kwetu nimezaliwa peke yangu. Huyo ni mke wangu, mwaka wa saba huu, na Mwamvita ni mwanangu. Mniwie radhi, wazee wangu. Na shikamoo zenu niliwapa kwa haki, ila ya kocha naitaka irudi."

Munira aliliweka birika chini polepole. Alijikuta analia na kucheka, hajui aanze na kipi.

Talha alichukua kashata, akaing'ata bila haraka.

"Imerudi, braza," alisema. "Masikio na magego ni ya kuwafurahisha viongozi. Kijeba mie nampima kwa posa. Nikishamwona dada mlezi anayelia uwanjani kuliko mama mzazi, najua pa kubisha hodi."

"Na akikujibu hana mume?" Munira aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

"Yupo mmoja Tandika alinijibu hivyo. Sikufika hata barabarani, mkewe alinifuata mbio, akanitajia mwaka aliozaliwa mumewe na majina ya watoto wao wote wanne."

Aliyekasirika pale alikuwa Mzee Hija. Yeye hakuwa ameambiwa chochote. "Yaani nimevaa kanzu ya Idi," alisema, "nimepanda kilima na kushuka, kwa ajili ya mpira?" Ilibidi Munira amletee chai nyingine na kashata za kubeba.

Wazee walipotangulia nje, Talha alibaki anavaa viatu mlangoni. Jina la Anwar, alisema, atalifuta kesho. Anwar aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amekwishavishusha viatu vyake ukutani na kuvishika mkononi, na Munira alipomwona hivyo hasira yote ikamwisha.

"Ila Madale tuna timu ya maveterani," alisema Talha. "Kila Ijumaa baada ya alasiri. Tumekosa winga."

"Maveterani si miaka thelathini na mitano?"

"Mie nimo, na nina thelathini na moja. Wewe umri si unajua kuutaja? Safari hii ongeza."

Alipoondoka, Munira alimgeukia mumewe.

"Mbona ulikawia kujibu?" alisema Munira.

"Nilikuwa natafuta jibu ambalo si uongo na halinitoi kwenye timu."

"Ukalipata?"

"Halipo."

"Siku nyingine usilitafute mbele yangu," alisema Munira. "Nilikuwa nimeshika birika." Kisha akavichukua vile viatu mkononi mwake na kuvitundika tena ukutani.

Anwar aliacha ndevu zake tatu ziote, akazitunza kwa mafuta ya nazi, na maveterani wa Madale wakampokea bila kumpima sikio. Ijumaa ya kwanza Munira alikwenda na Mwamvita, wakasimama pembeni ya uwanja kwenye vumbi. Kipindi cha pili beki mmoja mwenye kitambi alimkata Anwar miguu, akaanguka.

"Baba Mwamvita!" Munira aliita kwa pumzi zake zote, na kwa kuwa hakuna aliyegeuka kushangaa, akaita tena.

Anwar alinyanyua mkono akiwa bado chini. "Nipo, mke wangu," alijibu, watu wote wakisikia.