Buni ya Kalasinga

Ma Clotilda, jirani yetu, anasema mpaka leo kwamba Kalasinga aliitafuna. Anasema siku ya omukago, Baba alipompa nusu ya buni iliyopakwa damu yake, Mhindi yule hakuimeza kama watu wanavyomeza. Aliivunja kwa meno, kra, akakunja uso, na udugu ukafia mdomoni palepale. Lakini Ma Clotilda husema mengi. Mwaka wa nzige alisema aliwaona wakishuka melini Bukoba. Watu walicheka, wakaendelea kupalilia.

Safari hii alimwambia jumbe Lwakatare, na Lwakatare hakucheka.

Omukago ni undugu wa damu. Watu wawili huchanjwa karibu na kitovu, buni moja hupasuliwa, kila mmoja akameza nusu yenye damu ya mwenzake. Tangu hapo ukimtoa ndugu yako kwa adui, tumbo lako litavimba mpaka ufe. Ila lazima imezwe nzima. Ikitafunwa, mmekula kahawa tu.

Kalasinga huyo, Mehar Singh, alikuwa fundi wa malori ya kahawa kati ya Muleba na Bukoba. Baba alipoumwa na nyoka, yeye ndiye aliyeshusha magunia ya watu kando ya barabara apate pa kumlaza, akamfikisha hospitali ya misheni akiwa hai. Baba alipopona alisema mtu kama huyu huwezi kumshukuru kwa ndizi, ukamaliza. Wakafanya omukago. Miaka miwili baadaye Mama alifariki, na Mehar Singh alichimba kaburi pamoja na watu wa ukoo, pale nyuma ya nyumba, akakataa kupokewa jembe.

Sasa alikuwa na siku nne ndani ya shimo letu la kuivishia ndizi za pombe, chini ya majani makavu. Barua ilikuwa imefika serikalini kutoka India, kwamba anatafutwa kwa kuua.

Asubuhi hiyo nilimpelekea chakula. Bastola ilikuwa juu ya jani la mgomba, karibu na goti lake.

"Ni kweli uliua?" nikamuuliza.

"Kweli. Afisa wa polisi. Aliamuru wapigwe risasi watu waliokaa chini, hawana hata fimbo. Tulikuwa kumi na mmoja Punjab. Tuliapa, tukatafuta bastola mbili. Yangu ndiyo iliyompata."

"Na wenzako?"

"Mmoja wetu aliahidiwa shamba, akatutaja. Wanne wakanyongwa." Akamega ndizi. "Hapa siogopi. Baba yako Buberwa ni ndugu yangu. Nilikula kahawa yake."

Sikumsahihisha. Nilimuuliza tu bastola ina nini.

"Risasi mbili," akasema. "Wakija, usisimame karibu na hapa."

Jua halijapanda sana, Lwakatare akaja. Askari wake wawili aliwaacha kwa Ma Clotilda wanakula. Akaketi. Nikamletea kikapu cha kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote.

"Buberwa, ndizi zako za pombe zinaiva lini? Nasikia harufu."

"Bado, jumbe. Kesho kutwa."

"Mchoyo wewe! Wenzako wanakunywa, wewe unafunika." Akacheka peke yake, akatema ganda. Kisha akashusha sauti. "Sikiliza. Mimi Mhaya kama wewe. Sikuombi umtoe ndugu yako, tumbo livimbe, kesho watu waseme Lwakatare kamuua Buberwa. Lakini kama aliitafuna, si ndugu yako. Ni Mhindi tu. Unanyoosha kidole, basi, unabaki na kibanja chako. Usiponyoosha, hawa askari wanakufunga kamba mpaka gereza la Bukoba, na kibanja anapewa mtu mwingine. Huyu binti atalala wapi? Kaburi la mama yake atalipalilia nani?"

Baba alitazama kule nyuma ya nyumba, kaburini. Halafu akasema, "Mimi sikuona. Nilikuwa nameza yangu, nimefumba macho."

"Clotilda aliona."

"Clotilda! Clotilda aliona nzige wakishuka melini."

"Basi tumtafute mwingine." Lwakatare akageuza shingo polepole. "Siku ile kikapu cha buni alishika nani?"

Nilishika mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, ndiyo kwanza nimeanza darasa la tatu kwa masista, na nilisimama karibu na Kalasinga kuliko mtu yeyote. Niliona taya lake likisogea. Nilisikia kra. Siku hiyo tu Ma Clotilda hakutia chumvi.

Niliona na jambo jingine. Alipomaliza kutafuna, alimtazama Baba kama mtu aliyepewa kitu kizito akishike, akaweka mkono juu ya kidonda chake, na machozi yakamlengalenga. Hakuna aliyekuwa amemwambia imezwe. Kila mtu alidhani anajua.

Askari walitokea kwa Ma Clotilda, wanapangusa mikono kwenye kaptula. Kutoka tulipoketi hadi shimoni ni hatua kumi na tano. Majani yalikuwa yametulia mno.

"Koku," Baba akaniita, jina la utotoni. "Hujawahi kuniongopea hata siku moja. Chochote utakachosema, ndicho nitakachofuata. Aliimeza?"

Askari wa kwanza alikwishaingia uani. Lwakatare akamwinulia mkono asubiri.

"Koku, mwanangu," Baba akasema tena, taratibu zaidi. "Nakuomba. Niambie ulichokiona."